Sufuria za stenlesi na maji ya Dodoma

Sufuria mpya ya stenlesi ikichemshiwa maji ya bomba ya Dodoma wiki nzima, ikawa inasuuzwa tu na kuachwa ijikaukie kwenye beseni, haimalizi wiki kabla ya kuota mstari mweupe ndani, usawa ule ule maji yanapofikia. Sabuni haiutoi. Mwenye sufuria anachukua stilwaya, anasugua mpaka kiganja kinauma, mstari unafifia kidogo, na mahali pake panabaki mikwaruzo isiyofutika. Wiki inayofuata weupe umerudi, na sasa umepata pa kujishikiza.

Lawama humwendea muuzaji wa soko la Majengo au Sabasaba: kaniuzia feki. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Kosa ni la maji, na dawa yake si nguvu ya mkono.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka ardhini, kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Maji ya namna hiyo hukaa muda mrefu kwenye udongo na miamba, na yanapopandishwa juu huja na kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyusha huko chini. Ndiyo maji magumu. Wenyeji wanayajua kwa ladha ya chumvichumvi na kwa sabuni ya mche inayogoma kutoa povu. Waliohamia na ofisi za Serikali kuanzia 2016 wakitokea Dar es Salaam, ambako maji mengi ni ya Mto Ruvu, wameyajua kwa birika. Kalsiamu iliyomo kwenye maji haya haivumilii moto: maji yakipashwa, kaboni dayoksaidi inatoka, na kinachobaki ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, ambayo inaganda kwenye kitu cha kwanza inachokikuta. Ukutani mwa sufuria, kwenye koili ya heta, mdomoni mwa birika.

Mwinuko nao unachangia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maharage na makande yanakaa motoni muda mrefu zaidi. Maji yanakauka, unaongeza kikombe. Yanakauka, unaongeza kingine. Mvuke unakwenda zake lakini chokaa haiendi popote. Kila kikombe kinaacha cha kwake.

Chuma chenyewe

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu iliyo usoni hushikana na oksijeni ya hewani na kutengeneza ngozi ya nanomita chache tu, nyembamba kuliko unywele kwa makumi ya maelfu, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ikikwaruzwa inajirudishia yenyewe, mradi pawe pasafi na hewa ifike. Hapa ndipo matunzo yote yanapoanzia: unachokilinda si mng'ao, ni hiyo ngozi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikutana na chuma cha aina hii mwaka 1913 akitafuta kitu kingine kabisa, chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Bunduki zikasahaulika, visu vya mezani vikabaki.

Kitakoni mwa sufuria angalia namba. 18/10 au 18/8 maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10 au 8. Hii inavumilia asidi na chumvi vizuri zaidi. 18/0 haina nikeli, inashika kutu mapema kidogo, ila ni ya bei nafuu na inafaa kwa vijiko na mifuniko. Kuna nyingine ambayo manganizi imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya nikeli, na mara nyingi haiandikwi chochote. Watu hupima kwa sumaku, wakisema isiyonaswa ndiyo nzuri. Kipimo hicho kinadanganya: ile ya manganizi nayo hainaswi, wakati sufuria nzuri kabisa inaweza kunaswa kitakoni kwa sababu imewekewa bamba la chuma ili ifanye kazi kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha kitako kwa nguvu ya sumaku. Kwa mnunuzi wa sokoni, uzito wa kitako unasema kweli kuliko sumaku.

Uzito una maana kwa sababu stenlesi husafirisha joto vibaya sana. Alumini inaishinda zaidi ya mara kumi. Sufuria ya bati moja jembamba ikiwekwa kwenye jiko la mkaa, pale kaa jekundu lilipo pataungua na sentimita tano pembeni patakuwa hapajachemka. Ndiyo maana sufuria nzuri huwa na kitako mnene, tabaka la alumini katikati ya matabaka mawili ya chuma. Igeuze uitazame ukingoni mwa kitako. Kama alumini imefunikwa kabisa, vizuri. Kama inaonekana, mstari wa kijivu usiong'aa, nunua ukipenda lakini kumbuka hilo tukifika kwenye magadi.

Uchafu wa namna mbili

Karibu kila doa linaloshinda sabuni liko upande mmoja kati ya pande mbili. Upande wa kwanza ni vitu vya madini: chokaa nyeupe, ukungu wa maji, rangi za upinde wa mvua. Hivi hutolewa na asidi. Upande wa pili ni vitu vya chakula: mafuta yaliyokauka, ukoko, maziwa yaliyoshika. Hivi hutolewa na magadi au kitu chochote chenye tabia ya magadi. Ukikosea upande, utasugua mpaka kesho.

Na usivichanganye. Mitandaoni kuna ushauri usiokufa wa kumwaga siki juu ya magadi soda ili povu lifanye kazi. Povu lile ni asidi na magadi vikimalizana vyenyewe kwa vyenyewe. Likitulia, unachobaki nacho ni maji yenye chumvi dhaifu isiyo na kazi kwa chokaa wala kwa mafuta. Linapendeza kutazama tu. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

Tuanze na chokaa, maana ndiyo ya kila siku. Siki nyeupe ya dukani huwa na asidi asilimia 5 hivi. Changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe vitatu vya maji, mimina mpaka juu ya mstari mweupe, chemsha, punguza moto, acha dakika tano. Kaa uitazame. Pale penye chokaa panaanza kutoa vipovu vidogo vinavyopanda kwa mfululizo kutoka ukutani, hata kabla maji hayajachemka. Penye chuma kitupu hapatoki kitu. Vipovu hivyo ni ile kaboni dayoksaidi iliyofungwa ndani ya chokaa. Vikikoma na weupe bado upo, siki imekwisha nguvu, ongeza nusu kikombe. Vikikoma na weupe umeondoka, kazi imekwisha: mwaga, osha kwa sabuni ya maji, suuza, futa. Fungua dirisha, harufu ya siki inayochemka inakera macho.

Birika lililoachwa miezi lina chokaa nene, magamba ya kubanduka. Hapo weka siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, zima, acha nusu saa, mwaga, rudia. Usijaribu kuyang'oa kwa kisu. Kama ni birika la umeme, chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga kabla ya kupika chai, la sivyo wageni watakunywa siki.

Asiye na siki hajakwama. Ndimu mbili kubwa zilizokamuliwa kwenye lita moja zinatosha kwa ukungu mwepesi. Ukwaju nao, ambao Dodoma hauadimiki, unafaa kwa madoa ya rangi: loweka ukwaju wa kujaa kiganja kwenye nusu lita ya maji ya moto dakika ishirini, kamua, chuja, pakaa kwa sponji, subiri dakika kumi. Unga wa ubuyu una asidi pia na unafanya kazi hiyo hiyo, ingawa kusema kweli ubuyu una matumizi mazuri zaidi ya kuosha vyombo. Kwa chokaa nene, siki ndiyo mwisho wa mjadala.

Rangi za bluu, zambarau na dhahabu zinazotokea kitakoni huwatisha watu bila sababu. Ni ile ngozi ya kromiamu imenenepa kwa joto, pale chuma kilipopita nyuzi 300 hivi, na mwanga unaporudi kutoka kwenye ngozi nene unaonekana kwa rangi. Haina sumu wala haiharibu chakula. Inatokana na sufuria kupashwa tupu, hasa kwenye gesi iliyofunguliwa mpaka mwisho. Siki kidogo kwenye kitambaa laini inaifuta kwa dakika moja.

Ukoko, mafuta ya alizeti na magadi

Ugali wa uwele au mtama ukishika, ukoko wake ni wa wanga na ndio rahisi kuliko yote, ila unataka subira badala ya kucha. Ukishapakua tu, sufuria ikiwa bado ya moto, mimina maji ya uvuguvugu yafunike ukoko, rudisha mfuniko, nenda ukale. Ukirudi unabanduka kwa mwiko wa mti kwa vipande vikubwa. Maji yasiwe ya baridi kutoka kwenye mtungi: chuma cha moto kikikutana na maji ya baridi kinajikunja, na kitako kilichojikunja hakikai tena sawasawa jikoni. Mlenda ni kinyume. Uteuteu wake uloweke kwenye maji ya kawaida baada ya sufuria kupoa, kisha uoshe. Ukikaukia ukutani unakuwa gundi.

Maziwa yana hila yake. Kabla ya kuyamimina, suuza sufuria kwa maji na uyamimine ikiwa bado na unyevunyevu. Yanashika kidogo kuliko kwenye chuma kikavu. Yakishashika, kilichoganda pale ni protini pamoja na madini ya maziwa yenyewe, kwa hiyo hapa tu utahitaji pande zote mbili, lakini kwa zamu: magadi soda kwanza, suuza kabisa, halafu siki kumalizia utando wa kijivu unaobaki.

Ukoko ulioungua mpaka ukawa mweusi, wa maharage au nyama ya karanga, hautaki nguvu, unataka muda kwenye maji ya magadi soda. Magadi soda hapa ni ule unga mweupe laini wa kuumulia vitafunwa. Mimina maji yapite juu ya ukoko sentimita mbili, weka vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, chemsha kwa moto mdogo dakika 15. Maji yanaanza kuwa ya rangi ya chai, kisha ya kahawa. Ukichungulia, kingo za ukoko zinaanza kujikunja juu, maji yanapenya chini yake, na vipande vinanyanyuka vyenyewe na kuelea. Zima, acha vipoe mpaka unaweza kuingiza mkono, sukuma kwa mwiko kuanzia ukingoni kwenda katikati. Kilichobaki, mwaga maji, nyunyiza magadi soda makavu, lowanisha kidogo kiwe uji mzito, acha saa moja, sugua kwa dodoki. Kwa ukoko wa miaka, rudia kesho. Kurudia mara tatu ni bora kuliko kukwaruza mara moja.

Sasa lile doa linalowashinda wengi: madoa ya njano na kahawia, yanayonata yakiwa mapya na magumu yakizeeka, nje ya sufuria chini ya mdomo, pembeni mwa vishikio na ukutani mwa kikaango. Huo si uchafu uliokaa juu. Ni mafuta yaliyogeuka. Kanda ya Kati ni nchi ya alizeti, Singida na Dodoma, na mafuta ya alizeti ni mepesi kushikana na oksijeni yakipashwa; chembe zake zinaungana na kuwa utando mgumu, kwa njia ile ile rangi ya mafuta inavyokaukia ubaoni. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mashine ya mtaani na hayajasafishwa yana chembechembe na yanatoa moshi mapema zaidi, kwa hiyo yanaacha utando haraka zaidi. Ladha yake ni nzuri na hakuna sababu ya kuyaacha. Sababu ipo ya kuyatumia kwa moto wa wastani na kufuta matone ya nje siku hiyo hiyo, kabla hayajapikwa mara ya pili na ya tatu.

Utando ukishakuwepo, sabuni ya maji inateleza juu yake tu. Hapo ndipo magadi yenyewe, yale mawe ya kijivu ya kuwekea mlenda, yanapozidi magadi soda, kwa sababu yana kaboneti yenye ukali zaidi. Twanga kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, chemsha kwenye chombo kikubwa kuliko sufuria yako, izamishe yote, dakika 20 kwa moto mdogo. Vaa glavu au tumia koleo, maji haya yanakausha ngozi. Utando unalainika na kuvuliwa kwa sponji ukiwa bado wa moto. Ukipoa unaganda upya, kwa hiyo usizembee.

Tahadhari niliyoiahidi: magadi na alumini havikai nyumba moja. Maji ya magadi yanaila alumini na kuifanya nyeusi. Chombo kikubwa cha kuchemshia kisiwe sufuria ya kawaida ya alumini, na sufuria ya stenlesi ambayo alumini yake inaonekana ukingoni mwa kitako usiizamishe. Tia maji ya magadi kwa ndani tu, na nje tumia uji wa magadi soda juu ya doa, dakika 20, kisha suuza.

Majivu yanayotumika vijijini kuanzia Chamwino mpaka Manyoni yako upande huo huo wa magadi. Yanatoa mafuta kweli. Tatizo lake ni mchanga na vipande vya mkaa vilivyomo. Yapepete kwa chekecheo la chai, tumia ule unga laini tu, na utumie kwa nje.

Vitu vya kuviweka mbali

Stilwaya. Iko ya nyuzi laini za chuma cha kawaida, na iko ya misokoto inayong'aa. Ya kwanza ni mbaya mara mbili: inakwaruza, halafu inaacha vipande vidogo vya chuma kwenye mikwaruzo, na vipande hivyo vinashika kutu. Vile vidoa vya rangi ya machungwa vinavyotokea asubuhi kwenye sufuria isiyo na kosa mara nyingi si kutu ya sufuria, ni kutu ya stilwaya. Siki na kitambaa vinaviondoa. Sponji ya kawaida na dodoki vinatosha kwa kila siku. Ukilazimika kusugua zaidi, fuata mistari ya chuma ilivyo, usizungushe.

Jiki na dawa yoyote ya kung'arishia yenye klorini. Klorini inatoboa ngozi ya stenlesi na kuacha vishimo vidogo vyeusi, vya kuhisika kwa ukucha. Vishimo havizibiki. Kuna wanaoloweka vyombo vya shughuli usiku kucha kwenye maji yenye jiki wakidhani wanaua vijidudu vizuri zaidi; maji ya moto na sabuni yangefanya kazi hiyo bila kuharibu sufuria za mkopo. Na jiki isikutane kamwe na siki au ndimu: mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Dawa ya kusafishia choo usiiguse kabisa hapa.

Chumvi ni ndugu yake klorini. Ukitia chumvi kwenye maji baridi, punje zinazama na kukaa kitakoni, na chini ya kila punje panatokea maji makali ya chumvi yanayoanza kuchimba. Tia chumvi maji yakiwa yanachemka, koroga mara moja. Hilo linatosha. Mchuzi wa nyanya wenye chumvi usilale ndani ya sufuria hadi kesho, na vyombo vichafu visilowekwe usiku kucha kwenye maji ambayo yenyewe tayari yana chumvi ya kisimani. Siku za mgao watu huloweka wakisubiri bomba litoke. Afadhali kukwangua mabaki kwa mwiko, kufuta mafuta kwa karatasi, na kuacha sufuria kavu.

Masizi ya kuni yana dawa ya kabla, si ya baada. Pakaa sabuni ya maji nje ya sufuria, kitako na ubavu, safu nyembamba, kabla ya kuiweka kwenye mafiga. Masizi yanashika sabuni badala ya chuma, na yanaoshwa na maji. Wapishi wa misiba na harusi hupakaa udongo au majivu yaliyolowanishwa. Sababu ni hiyo hiyo. Ukiisahau sabuni, rudi kwenye uji wa magadi soda.

Kufuta

Ukichukua jambo moja tu hapa, uchukue hili: sufuria ya Dodoma hufutwa, haiachwi ikauke. Tone la maji magumu likikauka juu ya chuma, maji yanaondoka na kila kilichokuwa ndani kinabaki mahali pale, duara jeupe lenye ukingo. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya moto, kwa kuwa chuma chenye joto kinakauka kwa haraka, kisha kitambaa cha pamba kikavu ndani na nje, pamoja na chini ya mdomo. Wenye simtanki la mvua wana bahati: maji ya mvua hayana chokaa ya kutajika, na lita moja ya suuza ya mwisho inaokoa siki nyingi. Mvua hapa ni ya Desemba hadi Aprili tu, kwa hiyo msiyamalize kwa kufulia.

Sabuni nayo ichaguliwe. Sabuni ya mche kwenye maji magumu inashikana na kalsiamu na kugeuka utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaoachwa ukingoni mwa beseni. Utando huo huo unabaki kwenye sufuria na kuifanya ionekane haijaoshwa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa. Mche ubaki kwa nguo.

Miezi ya kiangazi, upepo unapoleta vumbi jekundu hata ndani ya makabati, sufuria iliyokaa rafuni isifutwe kikavu. Vumbi lile lina mchanga mwembamba, na kitambaa kikavu kinausugua juu ya chuma. Suuza kwanza. Zikipangwa moja ndani ya nyingine, weka kipande cha kitambaa au gazeti katikati.

Mpya, na ya moto

Sufuria mpya haijawa safi hata ikiwa imefungwa kwenye boksi. Ina mabaki ya dawa ya kung'arishia ya kiwandani. Pakaa mafuta ya kula kwenye karatasi laini, futa ndani; karatasi inatoka na weusi. Rudia mpaka itoke nyeupe, osha kwa sabuni ya moto, kisha chemsha ile siki ya moja kwa tatu dakika kumi. Mapishi ya kwanza yasiwe ya nyanya au ukwaju, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye mzio wa nikeli: chuma kipya hutoa nikeli kidogo zaidi kwenye vyakula vyenye asidi, na kiasi hicho hupungua kadiri sufuria inavyotumika.

Kushika kwa mayai na nyama kunaitwa ubaya wa stenlesi, na ni suala la joto tu. Pasha kikaango kitupu kwa moto wa wastani dakika mbili au tatu, dondoshea tone la maji. Likichemka na kutawanyika, bado. Likijikusanya na kuteleza huku na huku likiwa zima, sasa tia mafuta, hesabu sekunde chache, tia chakula, na usikiguse mpaka kijiachie chenyewe. Nyama inayong'ang'ania haijaiva upande ule. Kwenye gesi jambo hili ni rahisi. Kwenye mkaa sambaza makaa yawe sawa kwanza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi, na wengi wanaohama kutoka mkaa watagundua kwamba moto wa gesi wanaoufungua wote ni mwingi mno kwa stenlesi. Nusu inatosha.

Vishikio vya skrubu vikazwe kwa bisibisi kila vinapoanza kucheza, kwa kuwa mafuta hupenya kwenye nafasi na kuganda humo. Vya ribiti visafishwe pembeni kwa mswaki wa zamani na uji wa magadi soda.

Sufuria iliyosahaulika motoni mpaka maji yakakauka isinyanyuliwe haraka. Alumini ya katikati inayeyuka kwenye nyuzi 660, na kitako kilichopasuka ukingoni kinaweza kudondosha chuma cha moto miguuni. Zima gesi, au vuta makaa kwa koleo ukiiacha ilipo, subiri ipoe kabisa. Kisha iweke juu ya kioo au sakafu ya vigae uibonyeze kila upande. Ikitulia, rudi kwenye magadi soda na siki, itapona. Ikicheza kidogo, itafaa kwa gesi lakini si kwa induksheni. Kitako kikiwa kimetoa mwanya ukingoni, au ukikigonga kinatoa mlio mkavu tofauti na zamani, tabaka zimeachana. Fundi wa kuchomelea hana la kufanya hapo, na moto mwingine utamaliza kuzitenganisha. Hiyo iweke kando ya kupikia, ihifadhie karanga au uwele.